Ukuta wa Kirumi chini ya jengo jipya la London: umefikaje huko chini, na kwa nini haubaki?

Msomaji mmoja anayefanya kazi ya ujenzi katika eneo la City, kiini cha kale cha jiji la London, ameniandikia kwamba walipokuwa wakichimba orofa ya chini ya jengo jipya la ofisi, kijiko cha mashine kiligonga ukuta wa mawe uliopitiwa na mistari ya matofali mekundu yaliyo bapa. Wanaakiolojia waliusafisha kwa mwiko na brashi, wakaupiga picha, wakauchora jiwe kwa jiwe, wakasema ni wa jengo la Kirumi. Kisha, baada ya wiki kadhaa za kazi hiyo ya subira, sehemu kubwa ya ukuta ikaondolewa na ujenzi ukaendelea. Anauliza jengo zima linafikaje mita sita chini ya barabara, wataalamu wanajuaje kwa yakini kwamba ni la Warumi na si la watu waliokuja baadaye, na kama ni kitu cha thamani kwa nini kinavunjwa. Mwishoni ameongeza kwamba mwenzake alichukua kipande cha kigae chenye alama ya unyayo wa mbwa, na anataka kujua kama kuna ubaya.

Ndugu msomaji, nianze na kina, kwa sababu ukishaelewa kina cha ukuta ule, maswali mengine yanajibika kwa urahisi zaidi. Jengo lile halikuzama. Kilichotokea ni kwamba ardhi ya mji imepanda juu yake, na walioipandisha ni binadamu. Warumi waliivamia Uingereza mwaka 43 BK, na miaka michache baadaye mji waliouita Londinium ulikuwa umekwisha kuanzishwa kando ya Mto Thames. Gogo moja lililotumika kujenga mfereji wa maji machafu, lililopatikana katika uchimbaji wa eneo la Poultry, lilikatwa mwaka 47. Majengo mengi ya mwanzo yalikuwa ya mbao, fito na udongo, na yeyote aliyeona nyumba ya udongo ikiachwa bila mtu kwa misimu michache ya mvua anajua jinsi kuta zake zinavyoporomoka na kugeuka kichuguu. Mwaka 60 au 61 Malkia Boudica, aliyeongoza uasi wa wenyeji dhidi ya Warumi, aliuteketeza mji huo, na tabaka la udongo uliobabuka kwa moto na kuwa mwekundu bado huonekana leo mashimo yanapochimbwa City. Moto mkubwa mwingine uliupiga mji katika miaka ya 120. Kila mara wakazi hawakuzoa kifusi na kukipeleka mbali. Walikisawazisha, wakajenga juu yake.

Baada ya utawala wa Kirumi kukoma mwanzoni mwa karne ya 5, eneo lililokuwa ndani ya kuta za mji lilibaki karibu tupu kwa muda mrefu. Wasaksoni, watu waliohamia kutoka kaskazini mwa Ulaya, walijenga makazi yao upande wa magharibi, karibu na mahali panapoitwa leo Covent Garden, na ni mwaka 886, wakati wa Mfalme Alfred, ndipo mji wa ndani ya kuta ulipoanza kukaliwa tena kwa utaratibu. Katika karne hizo za katikati lilijilimbikiza tabaka nene la udongo mweusi, mchanganyiko wa mabaki ya mimea, samadi, majivu na kuta zilizooza. Juu yake zikaja nyumba, visima na mashimo ya takataka ya Zama za Kati, kisha kifusi cha moto mkubwa wa mwaka 1666, kisha kifusi cha mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Ukijumlisha yote hayo unapata mita zako sita. Katika bonde la kijito cha Walbrook, ambacho kilifukiwa kidogo kidogo mpaka kikapotea kabisa machoni pa watu, kina huzidi hapo.

Jambo hili ndilo linaloeleza pia kwa nini ukuta mliougonga ulikatika ghafla pande zote mbili, kama ulivyosema. Orofa za chini za majengo ya karne ya 19 na ya 20 zimekwangua sehemu kubwa ya matabaka hayo, hivyo kilichobaki cha mji wa Kirumi kimebaki kama visiwa: kipande hapa, kipande kule, kati ya misingi ya zege. Kila kisiwa kinachobaki kina uzito kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa jirani zake wamekwisha kuondoka.

Kuna mfano mmoja wa jinsi mambo yanavyofunikana ambao siuchoki. Mwaka 1848, wakati wa kujenga soko la makaa ya mawe karibu na Billingsgate, mafundi walikuta mabaki ya nyumba ya Kirumi yenye bafu, na uchimbaji uliofuata katika miaka ya 1960 ulionyesha zaidi. Ndani ya vigae vya paa lililoporomoka ilipatikana bruchi ya Kisaksoni ya karne ya 5. Jengo lilikuwa gofu tayari, na mtu fulani, kwa sababu ambayo haitajulikana, alipita juu ya kifusi chake akaangusha pambo la nguo yake. Bruchi yenyewe ni kitu kidogo. Lakini kwa kuwa ilikutwa mahali pale hasa, ndani ya kifusi kile, inatuambia kwamba paa lilikuwa limeanguka kabla ya mtu huyo kupita.

Sasa, wanajuaje? Hakuna dalili moja inayotosha, na mwanaakiolojia mwangalifu haridhiki na moja. Huanza na mawe. London imekaa juu ya udongo mfinyanzi na changarawe. Haina jiwe zuri la kujengea. Warumi walileta jiwe gumu la kijivu kutoka Kent, eneo la Maidstone, wakilishusha kwa mashua kupitia Mto Medway hadi Thames, na tunajua hivyo kwa ushahidi wa kushikika, maana mwaka 1962 huko Blackfriars, wakati ukuta wa kingo za mto ukijengwa, ilipatikana merikebu ya Kirumi iliyozama ikiwa bado na shehena ya mawe hayo. Kisha huangalia matofali, ambayo ni mapana na membamba, unene wake ukiwa wa sentimita nne hivi, tofauti kabisa na tofali unaloshika kazini kila siku. Kati ya safu kadhaa za mawe waashi wa Kirumi walipenda kupitisha mistari ya matofali kama hayo, kama unavyoweza kuona kwa macho yako katika kipande cha ukuta wa mji kilichosimama Tower Hill, ambao ulijengwa karibu na mwaka 200. Chokaa nayo husema: kwa sakafu na mahali penye maji walichanganya chokaa na vigae vilivyopondwapondwa, ikawa na rangi ya waridi. Na wakati mwingine kigae chenyewe hujitambulisha, kwani baadhi vimegongwa muhuri wenye herufi P P BR LON, ufupisho unaorejelea ofisi ya wakala wa fedha wa jimbo la Britannia huko London.

Hata hivyo uliuliza swali la maana uliposema huenda ni la watu waliokuja baadaye. Matofali ya Kirumi yalitumiwa tena na tena. Katika kanisa la All Hallows, karibu na Mnara wa London, kuna tao la Kisaksoni lililojengwa kwa vigae vya Kirumi, na katika mji wa St Albans mnara wa kanisa kuu, ulio wa Wanormani, watawala waliofuata baada ya Wasaksoni, umejengwa kwa matofali yaliyong'olewa kwenye magofu ya mji wa Kirumi wa Verulamium. Tofali la Kirumi, basi, halithibitishi ukuta wa Kirumi. Kinachothibitisha ni ukuta ulipo katika mpangilio wa matabaka. Ndiyo maana uliwaona wale vijana wenye mwiko wakitoa udongo tabaka kwa tabaka na kulipa kila moja namba yake, hata lile lililoonekana kwako kuwa uchafu mtupu. Wanachotafuta ni utaratibu: kipi kilikuja kwanza, kipi kilikata kipi, kipi kimelala juu ya kipi. Tabaka haliwezi kuwa limewekwa kabla ya kutengenezwa kwa kitu kipya kuliko vyote vilivyomo ndani yake; sarafu moja, au kipande cha bakuli jekundu linalong'aa lililoletwa kutoka Gaul, yaani Ufaransa ya leo, likiwa na muhuri wa mfinyanzi wake, hutosha kuweka mpaka wa wakati. Palipo na mbao zilizohifadhika, pete za mti husomwa na mwaka wa kukatwa kwake hujulikana, pengine hata msimu.

Mbao huhifadhika pale tu ardhi ilipobaki na majimaji na kukosa hewa, na hapa bonde la Walbrook limetupa utajiri ambao sehemu chache za dola lote la Kirumi zimeutoa. Katika uchimbaji wa mwaka 2010 hadi 2014, kabla ya kujengwa kwa makao ya kampuni ya Bloomberg, wanaakiolojia wa MOLA, taasisi ya akiolojia ya London, waliondoa kwa mikono tani 3,500 za udongo na kupata vitu zaidi ya 14,000. Miongoni mwake vilikuwamo vibao 405 vya kuandikia. Vibao hivyo vilipakwa nta nyeusi na mtu akaandika kwa kalamu ya chuma. Nta imeyeyuka zamani, lakini pale ncha ya kalamu ilipopenya ilikwaruza ubao, na mikwaruzo hiyo ndiyo iliyosomwa na mtaalamu Roger Tomlin. Kimoja ni hati ya deni ya tarehe 8 Januari mwaka 57, ambamo mtumwa aliyeachwa huru, Tibullus, anakiri kudaiwa dinari 105 na Gratus, naye mtumwa aliyeachwa huru, kwa bidhaa zilizouzwa na kupokewa. Mji ulikuwa na miaka kumi tu hivi, na tayari watu walikuwa wakikopeshana na kuandikishana. Maneno hayo yalikuwa kwenye tope ambalo mashine ingelijaza katika lori moja kwa dakika chache.

Nimefika kwenye swali lako zito, na ni eneo hilohilo la Walbrook linalonipa jibu, kwa kuwa lilichimbwa mara mbili katika nyakati mbili tofauti. Baada ya vita sehemu hiyo ilikuwa kiwanja cha magofu ya mabomu kinachosubiri jengo la ofisi. Mwanaakiolojia W. F. Grimes alipewa nafasi ya kuchimba, bila sheria ya kumlinda, kwa muda ambao mwenye kiwanja alikubali kuutoa. Tarehe 18 Septemba 1954, siku iliyokusudiwa kuwa ya mwisho, kilipatikana kichwa cha marumaru cha mungu Mithras, na ikathibitika kwamba jengo lile lenye umbo la mstatili na ncha ya mviringo lilikuwa hekalu lake, lililojengwa karibu na mwaka 240. Picha zilipotoka magazetini watu walimiminika. Katika majuma machache inakadiriwa walifika watu 400,000, wakipanga foleni katikati ya vifusi ili waone kuta zisizofika kiunoni. Suala lilijadiliwa hadi katika baraza la mawaziri la Winston Churchill. Lakini michoro ya jengo jipya ilikuwa imekamilika na mikataba imetiwa saini, na kubadili msingi kungegharimu fedha ambazo hakuna aliyekuwa tayari kuzitoa. Hekalu likabomolewa, mawe yakahifadhiwa, na mwaka 1962 likasimamishwa upya kiasi cha mita 100 kutoka mahali pake, juu, usawa wa barabara, kwa saruji ya kisasa na sakafu ya vipande vya mawe ambayo halikuwa nayo kamwe. Kwa nusu karne wageni walionyeshwa kitu chenye mawe ya kweli na sura ya uongo.

Bloomberg ilipopewa ruhusa ya kujenga hapo, saruji ile ilibanduliwa kwa uangalifu, na tangu Novemba 2017 hekalu linaonekana karibu sana na mahali pake pa asili, mita saba chini ya barabara, likiwa limejengwa kwa chokaa iliyotengenezwa kufuata sampuli za Kirumi. Ukipata siku ya mapumziko, nenda, hakuna kiingilio. Utakapokuwa ukishuka ngazi utakuwa unayapita matabaka niliyokueleza.

Kati ya nyakati hizo mbili utaratibu ulibadilika. Mwaka 1989 kulitokea mzozo mkubwa kuhusu mabaki ya jumba la maigizo la Rose, ng'ambo ya mto, ambalo si la Kirumi bali la wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na mwaka huohuo kulikuwa na kelele kuhusu bafu za Kirumi za Huggin Hill, ambazo hatimaye zilifukiwa na kulindwa chini ya jengo jipya. Novemba 1990 serikali ilitoa mwongozo uliobadilisha kila kitu: akiolojia ikawa sehemu ya kibali cha ujenzi, na gharama za uchunguzi zikamwangukia anayetaka kujenga. Ndiyo maana wale wanaakiolojia walikuwapo kwenye eneo lenu na muda wao ulikuwa ndani ya ratiba. Mwongozo huo uliweka pia mpangilio wa uamuzi ambao kwa kiasi kikubwa unafuatwa hadi leo. Mabaki yenye umuhimu wa kitaifa yanapaswa kubaki mahali pake. Yale ambayo umuhimu wake ni mdogo zaidi, na ambayo jengo haliwezi kuyakwepa, yaweza kuondolewa baada ya kuchunguzwa kikamilifu, ili kumbukumbu zake, yaani michoro, picha, sampuli na vitu, zibaki badala yake.

Kubaki mahali pake hakumaanishi kuonekana. Mara nyingi humaanisha kufunikwa kitambaa maalumu kinachopitisha maji, kisha mchanga safi, na nguzo za msingi kupangwa upya ili zisitoboe kuta. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu maji ya ardhini yakishuka kwa ajili ya ujenzi wa jirani, mbao zilizodumu miaka 1,900 huanza kuoza bila mtu kuziona. Kuyaonyesha mabaki kwa umma ni ghali zaidi. Uwanja wa michezo wa Kirumi uliogunduliwa mwaka 1988 chini ya Guildhall, ukumbi wa kale wa utawala wa City, uliingizwa ndani ya jengo jipya la sanaa na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 2002. Mduara wa mawe meusi kwenye sakafu ya uwanja wa Guildhall unaonyesha mipaka yake, na watu hukatiza juu yake kila siku wakienda kazini.

Sitaki nikudanganye kwamba kumbukumbu ni sawa na ukuta. Uchimbaji wenyewe ni ubomoaji, hata unapofanywa kwa brashi. Tabaka likishatolewa halirudi, na swali ambalo hatukujua kuliuliza leo haliwezi kuulizwa tena kesho. Mimi huumia kila ninapoona ukuta wa Kirumi ukipakiwa kwenye lori, hata pale ninapokubali kwamba uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini nimefikia kuamini kwamba hasara kubwa hutokana zaidi na kuchelewa kujua kuliko na ujenzi wenyewe. Grimes alijua siku ya mwisho. Linganisha na Mtaa wa Gracechurch, ambako mwaka 2025 ilitangazwa kwamba chini ya orofa ya chini ya jengo la ofisi lililokuwa bado limesimama yamepatikana mabaki ya basilika ya kwanza ya London, ukumbi wa mahakama na utawala uliojengwa kati ya mwaka 78 na 84 hivi, wenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Mashimo madogo ya majaribio yalichimbwa kupitia sakafu ya jengo la zamani kabla halijabomolewa; kuta za mawe ya gumegume, vigae na jiwe la Kent zikaonekana, na wenye mradi wakakubali kubadilisha michoro ili mabaki yabaki na watu waweze kuyaona. Kwenye karatasi ukuta wa kisasa unaweza kusogezwa kwa kalamu. Zege likishamwagwa, hakuna tena mazungumzo.

Kwa kadiri ulivyoeleza, ukuta wenu ulikuwa kipande kifupi kilichokwisha kukatwa na misingi ya zamani pande zote mbili, na sakafu iliyoambatana nao ilikuwa imetoweka. Kwa dalili hizo uamuzi wa kuuandikia kumbukumbu na kuuondoa hauonekani kwangu kuwa wa uzembe. Kipande hicho kitaunganishwa kwenye ramani na vipande vingine vilivyopatikana mitaa ya jirani katika miaka mia iliyopita, na hivyo ndivyo tulivyoijua mitaa ya Londinium, maana hakuna aliyewahi kuiona yote kwa pamoja.

Wewe na wenzako mnaoendesha mashine mna sehemu kubwa katika kazi hii, kuliko mnavyoambiwa. Mara nyingi jicho la kwanza ni la dereva wa mashine au la kibarua aliye kando yake. Ukiona udongo umebadilika rangi ghafla, ukaona mstari wa mkaa, mkusanyiko wa vigae, mbao nyeusi zenye majimaji au mifupa, simamisha kijiko hapohapo na umwite msimamizi kabla ya kukwangua mara nyingine ili kuona vizuri zaidi. Mkwaruzo huo wa pili ndio unaoharibu.

Na kile kigae. Vigae vya Kirumi vilianikwa nje, chini, kabla ya kuchomwa tanuruni, na mbwa, paka na mbuzi walipita juu yake vikiwa vibichi, ndiyo maana alama za nyayo hupatikana mara kwa mara. Kisheria, vitu vya kawaida vinavyochimbuliwa kwenye kiwanja kama hicho ni vya mwenye ardhi, na kwa kawaida mwenye ardhi huvikabidhi kwenye hifadhi ya akiolojia ya jumba la makumbusho la London. Vitu vya dhahabu na fedha vina sheria yake, na ni lazima vitolewe taarifa. Kwa hiyo ndiyo, kuna ubaya, ingawa naamini mwenzako alikichukua kwa kukipenda. Kikiwa kabatini kwake ni kigae chenye unyayo wa mbwa na hakuna zaidi. Mwambie akirudishe kwa wanaakiolojia wiki hii, wakati bado anakumbuka, awaeleze alikiokota upande gani wa shimo, kwa kina gani, na kama kilikuwa juu ya ule udongo mweusi au chini yake.